Nusu Meza ya Kiherehere

Kila asubuhi mimi ndiye ninayefagia mbele ya darasa la sita. Na kila asubuhi, kabla sijafika hata mlangoni, Kiherehere anatokea mbio kutoka kwao, hapo hapo nyuma ya ua wa shule, ananipokonya ufagio na kuniambia ninafagia kinyume na upepo. Akishafagia hatua mbili tatu anakumbuka jambo jingine la kusahihisha, ananirudishia ufagio na kutoweka. Ndivyo alivyo rafiki yangu. Jina lake halisi analo, lakini halina kazi tena. Hata mwalimu wetu wa Kiingereza siku moja aliita majina akajisahau, akasema, "Kiherehere!" Naye akaitika, "Nipo, Mwalimu!" bila hata kushtuka.

Basi siku ninayotaka kuwasimulia, Kiherehere alikuja na habari. Alikuwa akihema.

"Wanakuja! Shule ya jirani wanakuja kucheza nasi mpira wa meza. Ila wamesema tukiwa na meza wanakuja wao, tukikosa meza tunakwenda sisi."

Nikashusha pumzi. Meza tuliyokuwa nayo ilikuwa ya mbao, na mchwa walikwisha kuimaliza zamani. Tulikuwa tunafanyia mazoezi juu ya madawati manne yaliyounganishwa, na mpira ukiangukia kwenye ufa unaruka upande wake wenyewe, hujui uufukuzie wapi.

"Si twende sisi tu?" nikasema. "Kutembea nako kuzuri."

Kiherehere akanikazia macho. "Na Bibi je?"

Kiherehere amelelewa na bibi yake. Raketi yake ya kwanza alinunuliwa na Bibi. Lakini miguu ya Bibi huvimba, na safari yake ndefu siku hizi ni kutoka kitandani hadi kwenye ua wa shule. Jioni Kiherehere akicheza peke yake kwa kugongesha mpira kwenye ukuta wa jiko, Bibi hukaa kwenye kigoda akihesabu pointi kwa sauti, tena mara nyingine huupa ukuta ushindi ili kumchokoza.

"Bibi hajawahi kuniona nikicheza na mtu," Kiherehere akasema. "Ananiona nikicheza na ukuta tu. Safari hii lazima anione."

Asubuhi hiyo hiyo Mwalimu alituambia kwamba meza tutaitengeneza wenyewe, ya kudumu, isiyoliwa na mchwa wala kuogopa mvua. Shangazi yake Kiherehere, ambaye ni fundi ujenzi, amekubali kutuongoza. Tulipiga kelele hadi darasa la tano wakaja kuchungulia dirishani.

"Tulieni! Kabla hamjashika koleo, nataka maneno mawili," Mwalimu akasema. Akaandika ubaoni: *cement* na *concrete*. "Nani ataniambia tofauti yake?"

Mvulana tunayemwita Kamusi, kwa sababu hatembei bila kamusi kwapani, akaanza kulamba kidole na kufunua kurasa. Mkono wa Kiherehere ulikwisha kupanda juu.

"Mwalimu, hakuna tofauti! Ni kitu kimoja. *Cement* ni jina la kuvaa nyumbani, na *concrete* ni jina la kuvaa tai."

Tulicheka mbavu zikatuuma. Mwalimu naye alicheka, akafuta ubao. "Leo sikusahihishi. Jumamosi uiulize mikono yako."

Jumamosi Shangazi alifika na ovaroli yake na kicheko chake, ambacho mtu anaweza kukisikia akiwa mtaa wa pili. Nguzo za meza alikwisha kuzijenga kwa matofali. Chini, juu ya nailoni, alikuwa ameweka fremu mbili za mbao, kila moja ya nusu meza, na ndani yake amepanga nondo nyembamba. Pembeni palikuwa na rundo la mchanga, rundo la kokoto, na mifuko mitano ya simenti, ambayo mingine ilikuwa ya kazi ya ngazi za maktaba. Alitugawia glavu, akatuonya kwamba simenti mbichi huunguza ngozi na atakayeichezea atakiona.

"Karai moja la simenti, makarai mawili ya mchanga, makarai matatu ya kokoto," akasema. "Koroga vikiwa vikavu kwanza. Haya, maji! Polepole, wewe, hatupiki uji!"

Tulikoroga, tukabeba, tukamwaga. Jasho lilitutoka lakini hakuna aliyetaka kupumzika. Nusu ya kwanza ilijaa, na mfuko mmoja wa simenti ukawa umekwisha. Zege lililobaki kidogo Shangazi alilishindilia kwenye kopo tupu la rangi, akaliweka kando.

Mara simu yake ikalia. Bomba lilikuwa limepasuka kwenye nyumba aliyokuwa akiijenga, maji yanajaa vyumbani. Akaruka juu.

"Wewe, mtoto wa kaka! Simamia wenzako. Nusu ya pili ni vile vile kama ya kwanza. Moja, mbili, tatu. Asibadilishe mtu. Umenisikia?"

"Nimekusikia, Shangazi!"

Shangazi akaondoka mbio. Mwalimu alikuwa kule bombani akisimamia foleni ya ndoo. Kiherehere akapanda juu ya rundo la mchanga, akashika kiuno. Nilipomwona hivyo nikajua tumekwisha.

"Jamani," akasema, "hivi hamwoni tunapunjwa? Simenti karai moja, takataka makarai matano! Bibi anasema kila siku, mafundi ni wezi wa simenti. Ukuta wetu unamomonyoka kwa sababu fundi alijaza mchanga. Yaani ukiuegemea, unabaki nao mgongoni."

"Lakini Shangazi yako amesema..." nikaanza.

"Shangazi ana mazoea ya mafundi, hana ubaya. Sikilizeni. Kinachokuwa kigumu ni nini? Ni simenti! Sasa simenti tupu si itakuwa ngumu mara tatu? Hii nusu nitachezea mimi. Nataka iwe kama kioo."

Nitasema ukweli, ilituingia akilini. Nani nyumbani kwao hajasikia habari za fundi aliyeiba simenti? Hata Kamusi alitikisa kichwa kukubali. Tukaacha mchanga, tukaacha kokoto, tukakoroga simenti na maji mpaka ikawa uji mzito. Mfuko wa kwanza ukaingia haukufika popote. Tukafungua wa pili, wa tatu, na wa nne. Mwalimu aliporudi na ndoo, fremu ilikuwa imejaa na Kiherehere akilainisha uso kwa mwiko, ulimi nje.

"Mbona hii imependeza hivi?" Mwalimu akauliza.

"Mkono tu, Mwalimu," Kiherehere akajibu kwa mbwembwe.

Kweli ilipendeza! Nusu ya Shangazi ilionekana na vipele vipele. Hii yetu iling'aa. Baadaye niliigusa nikakuta ina joto, kama chungu kilichoepuliwa sasa hivi. "Inaiva!" nikapiga kelele, na wote wakaja kuigusa. Kabla ya kwenda nyumbani tulikwisha kupanga nani atakaa wapi siku ya mechi.

Wiki nzima tuliimwagilia maji nusu ya Shangazi, kama alivyoagiza. Ile nyingine Kiherehere alisema haihitaji kubembelezwa. Siku ya tatu nikaona mstari mwembamba kama unywele. Siku ya nne mistari ilikuwa imezaa. Nikamwonyesha Kiherehere.

"Ni urembo tu huo," akasema, lakini hakunitazama.

Jumamosi iliyofuata Shangazi alirudi. Wageni walikuwa wamebakisha wiki mbili tu. Aliinama juu ya nusu ile nzuri, akaigonga kwa kifundo cha kidole. Akaita watu wanne wakubwa waishike pembe.

"Polepole. Moja, mbili, inua!"

*Kaa!* Nusu meza ikakatika katikati kabla hata haijafika magotini. Vipande vikaning'inia kwenye nondo kama samaki aliyeliwa akabaki miba. Kipande kimoja kilianguka chini kikawa vipande vitatu. Tukasimama midomo wazi.

Shangazi akaokota kipande, akakitazama tumboni. "Kokoto ziko wapi? Mchanga uko wapi?" Akageuka, akaliona rundo la kokoto pale pale alipoliacha. Akaiona na mifuko, yote mitupu. Sauti yake ikapanda. "Nani amebadilisha?"

Nyuma yangu nikamsikia Kamusi akinong'ona, "Sema ni jua. Sema jua limeiunguza."

Nikamtazama rafiki yangu. Mkono ule ambao huwa wa kwanza kupanda kwa kila swali, siku ile ulipanda kwa shida, ukafika begani ukasita, kisha ukaenda juu.

"Ni mimi, Shangazi. Wenzangu niliwaambia mimi. Si jua. Nilidhani kokoto ni za kuiba simenti."

"Ati nini?"

"Ndivyo anavyosema Bibi."

Kutoka nyuma ya ua ikasikika sauti, "Ndiyo! Na sitafuta neno!" Kumbe Bibi alikuwa amesimama pale na fimbo yake tangu mwanzo, akitazama kila kitu kupitia tundu la ua. "Mafundi wezi! Hata wewe binti yangu, sikuweki nje!"

Tungecheka kama si machozi yaliyokuwa yakimtiririka Kiherehere. Mwalimu alikwisha kusema kwamba shule haina simenti nyingine. Hakuna simenti, hakuna meza. Hakuna meza, mechi inakwenda kuchezwa kwa wenyewe, na Bibi atabaki na ukuta wa jiko. Kiherehere aliyajua yote hayo. Alinywea mpaka sare ikaonekana imemzidi.

Shangazi akavuta pumzi ndefu. "Leteni nyundo. Na lile kopo langu la rangi. Mama, ingia ndani ya ua, huko huoni vizuri."

Bibi akaingia hatua kwa hatua, tukamwekea kiti. Shangazi akalipasua kopo, ndani mkatoka gogo fupi la zege. Akaliweka kando ya kipande cha simenti tupu.

"Mama, piga hiki." Akamwonyesha kipande cha simenti.

Bibi akapokea nyundo kwa mikono miwili. Akapiga. Kipande kikapasuka mara moja.

"Sasa piga hili."

Bibi akapiga gogo la zege. Nyundo ikaruka. Akapiga tena, akakunja uso, akapiga mara ya tatu mpaka kitambaa cha kichwa kikamwangukia machoni. Gogo likabaki linamtazama.

"Loo!" Bibi akasema. "Na hili ndilo lenye kokoto?"

"Ndilo lenye kokoto," Shangazi akajibu. Akageuka kwetu. "Simenti ni gundi. Ukiimwaga peke yake, nene hivi, inapata joto, inasinyaa, na ikisinyaa inajichana yenyewe. Haina cha kushika. Kokoto ndizo zinazobeba uzito, mchanga unaziba matundu, simenti inavigandisha vyote pamoja, na maji ndiyo yanayoiamsha. Vyote hivyo kwa kipimo chake ndiyo zege."

"Basi ukuta wangu?" Bibi akauliza kwa ukali.

"Ukuta wako uliibiwa kweli, Mama. Yule bwana alizidisha mchanga kupita kiasi. Lakini kuzidisha ni wizi, kipimo si wizi."

Bibi akakaa akifikiri, akizungusha fimbo. Kisha akamwita Kiherehere. "Njoo hapa, mke mwenzangu. Futa kamasi. Haya maneno ya mafundi uliyatoa kwangu, kwa hiyo na mimi nimevunja nusu ya hii meza. Kuna mfuko wa simenti chini ya kitanda changu."

"Mama!" Shangazi akashangaa. "Simenti chini ya kitanda?"

"Nimeuweka kwa ajili ya ukuta wangu, mahali ambapo fundi hafiki. Nimeuweka juu ya mbao, nimeufunga nailoni, na kila Ijumaa naugeuza ubavu usije ukagandamana. Mgonjwa gani anauguzwa hivyo? Uleteni."

"Na ukuta, Bibi?" Kiherehere akauliza kwa sauti ndogo.

"Ukuta umengoja miaka, utangoja tena. Mfuko mmoja unatosha?" Bibi akamtazama binti yake kwa jicho la pembeni.

"Mfuko mmoja tu ndio unaotakiwa," Shangazi akasema. "Kama ile nusu ya kwanza. Hawa wametia minne."

Sijui nani alianza kupiga kelele, lakini najua mimi nilipiga ya kunikausha sauti. Tulikimbia kwa Bibi, tukauchomoa mfuko, tukaupitisha kwenye lango la ua tukiimba. Simenti ilikuwa laini kama unga. Tukanyoosha nondo, tukafunga fremu upya. Safari hii Kiherehere alisimama kando ya karai akiuliza kila kitu. "Shangazi, maji yametosha? Shangazi, kwa nini kokoto zioshwe?" Aliuliza mpaka Shangazi akacheka tena. Na Bibi kwenye kiti chake alihesabu kwa sauti ile ile ya kuhesabia pointi. "Simenti moja, nimeiona! Mchanga mbili, nimeiona! Wewe mwenye kamusi, hilo karai halijajaa, rudi!"

Tangu siku hiyo nilifagia darasa peke yangu kwa raha zangu, kwa sababu Kiherehere kila asubuhi alikuwa analowesha magunia. Shangazi alikuwa ametwambia tuifunike nusu meza kwa magunia na tusiyaache yakauke, maana zege likikauka upesi huwa dhaifu. Asubuhi anamwagilia, mchana anamwagilia, na jioni anamwagilia huku Bibi akimkumbusha kutoka nyuma ya ua. Nilimwambia punde zege litaota majani. Hakucheka. Roho yake yote ilikuwa chini ya magunia yale.

Siku moja kabla ya mechi, ilikuwa ni kufa na kupona. Watu wanne wakubwa wakashika pembe. Nusu ya kwanza ilikuwa tayari juu ya nguzo zake. Kiherehere akanishika mkono, kucha zikaniingia.

"Moja," Shangazi akasema. "Mbili. Inua!"

Ikainuka. Ikapita magotini. Ikapita kiunoni. Mtu mmoja akateleza, pembe ikainama, sote tukafumba macho. Hatukusikia *kaa*. Tulisikia *du*, ya kitu kizito kukaa mahali pake. Nilipofumbua macho meza ilikuwa nzima, na Kiherehere alikuwa ameilalia kifudifudi akiikumbatia.

Mwalimu akasogea. "Haya, sasa unaweza kunijibu. *Cement* na *concrete*."

Kiherehere akanyanyuka, vumbi mashavuni. "*Cement* ni unga wa kwenye mfuko, Mwalimu, wa kugandisha. *Concrete* ni zege. Ni simenti, mchanga, kokoto na maji, vikishashikana. La kwanza limo ndani ya la pili, ila peke yake si meza."

"Vizuri sana. Na wenyewe Waingereza wameyapeleka maneno haya mbali zaidi. Watu wakizidi kushikana kwa urafiki, wanatumia lile la kwanza. Na jambo likiwa la kushikika, si la hewani, wanatumia lile la pili. Kwa hiyo leo umenipa jibu la *concrete*, kwa sababu umelibeba kwa mikono."

Kamusi akafunua kamusi yake haraka kuhakikisha, akaitikia kwa kichwa. "Yamo yote mawili," akasema, kama vile yeye ndiye aliyeyaweka.

Kesho yake wageni walikuja kwa nyimbo. Bibi alikuwa amekaa mbele kabisa, amevaa nguo ya kutokea, miguu juu ya kigoda. Kiherehere alipoulizwa anataka kuanzia upande gani, alichagua nusu ile ya mfuko wa chini ya kitanda. Mpira ukaanza, *ko, ka, ko, ka*, unadunda sawasawa kila mahali. Mpinzani wake alikuwa msichana mrefu mwenye mkono mwepesi, akachukua seti ya kwanza. Kiherehere akachukua ya pili. Ya tatu, mambo yakawa sawa kwa sawa mpaka mwisho. Kiherehere akapiga mpira ukagusa ukingo kabisa wa meza, upande wa nusu ile ya mfuko wa Bibi, kwa kuwa walikuwa wamekwisha kubadilishana pande, ukachepuka. Pointi! Uwanja ukalipuka. Tulimbeba juu juu, raketi ikaanguka kwenye kichwa cha Kamusi, hata hakulalamika.

Mwalimu wa wageni akapapasa meza. "Hongereni. Mna meza nzuri sana ya simenti."

"Ya nini?" Bibi akashika fimbo yake. "Bwana wee, ya simenti ilivunjika! Hii ni ya zege, na kila karai nimelihesabu mwenyewe."

Watu walicheka sana. Vicheko vilipotulia, Shangazi alimvuta Kiherehere kando, nami nikajisogeza, maana habari hazinipiti.

"Wiki ijayo nitajenga ukuta wa Bibi yako, simenti yake na ile ya ngazi za maktaba nitainunua mimi, nanyi nyote mtanilipa kwa jasho," akasema. "Lakini nisikilize. Kunitilia shaka hukukosea. Mafundi wezi wapo, mtu mwenye akili lazima ashuku. Kosa lako ni kwamba ulishuku ukanyamaza, ukakata shauri peke yako. Ungeniuliza swali moja tu, tusingevunja kitu. Na meza hii imesimama kwa sababu uliinua mkono ukasema ni wewe. Ungesingizia jua, leo ningekuwa bado natafuta kosa langu. Ukiwa na shaka, uliza. Ukikosea, sema. Basi."

"Nitauliza, Shangazi," Kiherehere akasema. Kisha, kwa kuwa ndivyo alivyo, akauliza papo hapo, "Huo ukuta tutatia kokoto?"

"Nenda kwa bibi yako, wewe!"

Akaenda. Bibi alimshika uso kwa viganja vyote viwili, akamtazama kwa muda mrefu kama anayehesabu kitu.

"Leo," akasema, "leo nimekuona ukicheza na mtu."